Mume wangu hataki kukaa siti ya nyuma

Dada mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 50 na kitu, mzaliwa wa Moshi. Naishi Nijmegen, Uholanzi, na mume wangu ambaye kwao ni Shinyanga. Watoto wamekua, kila mmoja ana kwake. Tumebaki sisi wawili na tandemu yetu, ile baiskeli ya watu wawili yenye siti mbili na pedali pea mbili, tuliyoinunua ya mtumba mtoto wetu wa mwisho alipoanza shule.

Nikwambie ukweli, baiskeli ile ndiyo iliyotutunzia ndoa. Mwanzoni kila mtu alikuwa na yake, na kila matembezi yaliishia kwa kununiana. Mwenzangu amekulia juu ya Phoenix, mimi nimejifunza baiskeli ukubwani, tena hukuhuku Ulaya. Yeye anatangulia, anasimama kunisubiri, na nikimfikia tu anaondoka, maana keshapumzika. Mimi nimepumzika saa ngapi? Kwenye tandemu hakuna wa kusubiriwa. Mwenye nguvu anakanyaga kwa nguvu zake, mwenye kiasi kwa kiasi chake, na mnafika pamoja. Halafu mnaongea. Mdomo wangu uko karibu na sikio lake, sina haja ya kupaza sauti. Ada za shule, kiwanja cha Kibaha, ugonjwa wa mama mkwe, yote tumeyamaliza juu ya tuta la mto Waal bila kutazamana usoni, na nadhani ndiyo sababu yaliisha.

Mimi ndiye msoma njia. Huku njia panda za baiskeli zina nambari, basi naziandika kwa mfuatano kwenye plasta pana naibandika kwenye mkoba wake wa mgongoni. Mikono yangu iko huru, kwa hiyo namenya chungwa, namkatia pande, nampitishia begani, naye anafungua kinywa bila kugeuka. Watu wanaotupita hucheka. Sisi tumeshazoea.

Sasa matatizo. Mwaka juzi daktari aligundua mume wangu ana glakoma, presha ya macho. Matone anaweka kila siku, lakini kilichokwisha kwenda hakirudi. Gari ameacha mwenyewe. Tandemu hakuacha. Gazeti analisoma, uzi kwenye sindano anautunga, kwa hiyo anasema macho yake ni mazima. Mwezi uliopita tulikaribia kugonga kigingi kilichosimama katikati ya njia; mimi nilikichungulia kutoka nyuma nikapiga ukelele, yeye hakukiona kabisa. Wiki iliyofuata binti mmoja alitokea na baiskeli upande wa kulia, nusura tuvaane.

Nikamwomba tubadilishane siti. Tulijaribu kwenye uwanja wa kuegesha magari, ikawa vurugu. Baiskeli inayumba, yeye anauvuta usukani wa nyuma na kunipa amri za breki nisizozihitaji. Tulishuka hatusemeshani. Nyumbani ndipo akasema: "Nikiwa kijana nilipakia abiria kwenye keria pale Shinyanga mjini. Sitazeeka nikiwa abiria wa mke wangu." Kumbe binti yetu alishatupiga picha, akaituma kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Shemeji yangu akaandika, "Siku hizi kaka anapakiwa!" Vicheko hadi jioni.

Tangu siku hiyo haigusi. Ameitangaza mtandaoni kuwa inauzwa, na kuna Mjerumani wa Kleve atakuja kuiona. Nimwache auze ili amani irudi? Mimi nina kilo 63, yeye 88, sijui hata kama naweza kumwendesha. Nishauri, Dada.

Mama Neema, Nijmegen

*

Marahaba, Mama Neema mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya lile chungwa tu.

Tuanze na lisilo na mjadala. Baba Neema asikae tena mbele, hata kwa safari ya kwenda kununua mkate. Kwa kawaida glakoma huanza kula pembeni mwa uoni na kuacha katikati, ndiyo maana gazeti analisoma na uzi anautunga. Tena ubongo una tabia ya kuziba mapengo: mgonjwa haoni giza pembeni, anaona barabara nzima, kumbe kipande chake hakimo. Kwa hiyo akikwambia anaona, hakudanganyi. Lakini mnaishi katika nchi ambayo kwenye njia panda isiyo na alama, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata akiwa juu ya baiskeli. Na vigingi vya kuzuia magari vimesimikwa katikati ya njia mnazopita. Kile kigingi na yule binti si mikosi miwili. Ni ugonjwa mmoja umejitokeza mara mbili.

Ila hilo asilisikie kwako. Kliniki ya macho ina kipimo cha eneo mtu analoliona: unakaa mbele ya mashine, jicho moja limezibwa, unabonyeza kitufe kila unapoona kitone cha mwanga, na majibu hutoka kama ramani yenye madoa meusi pale usipoona. Nenda naye kwenye miadi ijayo. Mwombe daktari awaonyeshe ramani hiyo, umuulize mbele ya mumeo kama mtu mwenye macho haya anaweza kuongoza baiskeli barabarani. Kisha nyamaza, daktari afanye kazi yake.

Na Mjerumani mwambieni asubiri. Mtu aliyetoka kuacha gari asiuze upesi kitu kingine chenye magurudumu.

Kinachomuuma mumeo sidhani ni macho peke yake. Yeye anaijua baiskeli ya kubeba watu ya aina moja: ya Shinyanga, keria imefungwa sponji, abiria amekaa, miguu inaning'inia, hana kazi ila kushikilia siti na kulipa nauli. Kwa hesabu ya keria, wa mbele ndiye mtu na wa nyuma ni mzigo. Shemeji yako anapiga hesabu hiyohiyo, na samahani, hata wewe umeipiga kidogo ulipoandika "kumwendesha". Nani anamwendesha nani? Wewe umekaa nyuma tangu mtoto wa mwisho yuko darasa la kwanza. Mlipopanda vilima vya Berg en Dal, miguu yako ilikuwa inaning'inia?

Tandemu ya kawaida ina cheni mbili. Ya kulia inapeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. Nyingine, ambayo mara nyingi iko kushoto, inaunganisha pedali za mbele na za nyuma ili zizunguke pamoja, kwa kasi moja. Mmoja akiacha kukanyaga, mwenzake naye ataacha, apende asipende. Mguu ukilegea unajulikana papo hapo, ukiongeza nguvu unajulikana. Mimi nakaa nyuma ya mzee wangu, na hasira zake nazipata kwa unyayo kabla hajafungua mdomo. Naye anajua nimechoka kabla sijakiri. Raha ya tandemu kwa watu waliokaa pamoja muda mrefu iko hapo, na raha hiyo haina mbele wala nyuma. Mumeo ataikuta siti yoyote atakayokalia. Kwenye keria hakuna kitu kama hicho. Mwambie hivyo, au bora zaidi, msomee.

Kama ni mpenda michezo, mtafutie mbio za tandemu za Paralimpiki. Pale mwanariadha mwenye ulemavu wa macho ndiye anayekaa nyuma, na wa mbele ni mwongozaji wake. Medali wanapewa wote wawili. Kuna mume na mke wa Uingereza, Neil na Lora Fachie, wote wana ulemavu wa macho, wote ni watu wa siti ya nyuma, kila mmoja na mwongozaji wake. Tokyo mwaka 2021 kila mmoja alichukua dhahabu, tena siku moja. Sijasikia shemeji yeyote akisema walipakiwa.

Sasa ile vurugu ya uwanjani. Ina sababu ya kifundi wala haihusiani na ndoa yenu. Usukani wa nyuma haugeuzi gurudumu. Umefungwa kwenye nguzo ya siti ya mbele, ni wa kushikia tu. Kwa hiyo Baba Neema alipouvuta hakukata kona yoyote, alikutikisa wewe kiunoni, na kilo zake 88 zikahama huku na huku nyuma yako wakati wewe unajaribu kunyoosha njia. Hata nahodha, yaani mwongozaji wa tandemu, wa miaka mingi angeyumba. Miaka yote hiyo wewe ulikuwa unatulia nyuma, mabega hayachezi, unageuza kichwa peke yake kutazama bata bukini, na hakuna aliyekusifu kwa sababu kazi hiyo ikifanywa vizuri haionekani. Sasa ni zamu yake kujifunza kutulia. Si rahisi kwa mtu aliyezoea kushika breki, mpe muda.

Rudini uwanjani Jumapili asubuhi mapema, bila binti na bila simu. Wewe tangulia kusimama juu ya fremu, nyayo zote mbili chini, miguu umeipanua ya kutosha ili pedali zikizunguka zisikuchubue miundi. Usikae bado. Bana breki zote mbili. Hapo ndipo yeye apande, akae kabisa, aweke miguu yote kwenye pedali. Utausikia uzito wake, ushike. Azungushe pedali kinyumenyume mpaka ile ya mguu wako wa kuanzia iwe juu. Sema "twende", achia breki, kanyaga, kaa. Na usianze kwa woga, kwa sababu tandemu inayumba ikienda polepole, ikishika mwendo inatulia yenyewe. Waliozoea, wakisimama kwenye taa, wa mbele ndiye anayeshusha mguu na wa nyuma anabaki juu amekaa. Kwa tofauti yenu ya kilo 25 hilo mlifikirie baadaye. Kwa sasa shusheni mguu wote wawili, upande mmoja mliokubaliana. Nasisitiza upande mmoja.

Halafu useme. Wa mbele lazima aseme, maana mwenye macho mazima naye akikaa nyuma anaona mgongo tu. "Tuta." "Gia." "Acha kukanyaga." "Nakata kulia." Nina hakika unayakumbuka matuta ambayo yeye hakukutajia. Usilipize.

Umeuliza kuhusu uzito. Inawezekana, ila mikono itakuuma wiki za mwanzo. Mzito huwekwa mbele kwa desturi kwa sababu ni vigumu kwa mwepesi kuidhibiti baiskeli yenye mzito anayechezacheza nyuma. Sababu ndiyo hiyo tu, haina uhusiano na ndevu. Linaloweza kuwakwamisha kweli ni fremu. Tandemu nyingi za zamani zimeundwa kubwa mbele na ndogo nyuma. Simama juu ya fremu ya mbele: kama nyayo zako zote mbili hazikanyagi chini vizuri, au bomba la juu linakugusa pasipofaa, siti ishushwe au isishushwe, baiskeli hiyo si yako. Naye akikaa nyuma magoti yasigonge siti yako. Likishindikana hilo, hapo nitakubali Mjerumani aje na fedha zake.

Na fedha hizo zisiende kwenye kochi. Hase, watengenezaji wa Ujerumani, wana tandemu inayoitwa Pino ambayo imepinduliwa mpangilio: anayeongoza anakaa nyuma, wima, na mwenzake yuko mbele amejilaza kwenye kiti, miguu imetangulia, anakanyaga huku upepo wote ni wake. Van Raam wa Varsseveld, mkoa wenu huohuo wa Gelderland, wanatengeneza Fun2Go, ambayo mnakaa bega kwa bega na mmoja wenu ndiye anayeongoza. Hiyo ina magurudumu matatu, ni pana, si ya kukimbilia, lakini haikudai mizani. Nendeni mkaijaribu kabla hamjasema neno. Bei zake ni za kusomewa mtu akiwa amekaa, kwa hiyo ulizeni manispaa yenu kuhusu Wmo, ile sheria ya msaada kwa watu wenye ulemavu na wazee. Baiskeli maalumu inaweza kuingia humo, kulingana na hali ya mtu na uamuzi wa manispaa. Ombeni kabla hamjanunua.

Mimi binafsi ningeanza na hiyohiyo mliyo nayo, kama fremu inakukubali. Inawajua.

Kuhusu kumwambia. Usitumie maneno ya huruma. "Nataka uwe salama" ni maneno ya nesi, na mwanaume ambaye wiki nzima anasemeshwa na manesi hataki mwingine nyumbani. Mwambie, "Nifundishe kukaa mbele." Na si ujanja, unahitaji kweli kufundishwa. Yeye ndiye anayejua baiskeli ile inavuta upande gani breki ikibanwa ghafla, gia gani inaruka, kona ipi kwenye tuta ina kokoto. Ujuzi huo hauko machoni. Mtu aliyenyang'anywa usukani hukaa vibaya siti ya nyuma. Mwalimu aliyepanda na mwanafunzi wake anakaa vizuri tu, na utamsikia akikusifu mbele ya watu kabla ya mwezi kwisha.

Na kule nyuma asikae bure. Katikati mwa macho yake kunafanya kazi, basi plasta ya nambari ihamie kwenye mgongo wako, uandike tarakimu kubwa, yeye akutajie. Mkono wa kuonyesha mnakata kona autoe yeye, wewe usiachie usukani kwanza. Chungwa nalo ni lake sasa. Atalimenya vibaya.

Kuhusu shemeji, kwenye grupu usimjibu. Ila mpigie simu pembeni, au Baba Neema ampigie, mumwambie akapime macho. Sitanii. Glakoma hutembea kwenye damu. Ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wana hatari kubwa kuliko watu wengine, na sisi watu weusi hutupata zaidi na mapema zaidi. Kwa kawaida haiumi, haiwashi, na mara nyingi mtu hugundua wakati sehemu imeshakwenda. Matone hayarudishi kilichopotea lakini yanalinda kilichobaki, kwa hiyo anayepimwa mapema ndiye anayefaidi. Neema na wadogo zake nao wapimwe. Hili lingekuwa swali la kwanza katika barua yako kama ungeliandikia daktari badala ya mimi.

Mkishatoka uwanjani na kuthubutu barabara, msikimbilie vilima. Tandemu ina uzito na nguvu za watu wawili lakini upepo inaoukatiza haufiki wa baiskeli mbili, ndiyo maana tambarare inawapendeza na mteremko inaukimbilia. Kabla hujashuka Berg en Dal ukiwa mbele, fundi akague breki zote, abadilishe nyaya na pedi, akaze na ile cheni ya kushoto. Kwa kuanzia chukueni RijnWaalpad, ile njia ya baiskeli ya kwenda Arnhem, ni kama kilomita 16, lami safi, njia panda si nyingi. Kwenda kutakupendeza, utadhani umeshahitimu. Kurudi upepo wa kusini-magharibi, ambao ndio mwenyeji wa huko, utawakuta usoni. Hapo wewe inama, shika njia yako, na umwambie Baba Neema neno moja tu: sukuma.